Blanketi la Umeme

Tangu nilipostaafu ualimu, nikashuka kutoka Mbaga, ambako mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, nikajenga mjini Same, sikujaliwa kuyazoea mateso ya bati. Mji wetu umekaa upande wa milima ambao mvua huusahau, na ikifika saa nane za mchana katika mwezi wa Februari, sebule yangu yafaa kuoka mkate.

Kwa kuwa nilifundisha sayansi miaka thelathini, niliazimu kuikabili taabu hiyo kwa ilimu. Nilijua, na watoto wa watu niliwachapa kwa kutojua, kwamba blanketi halina joto lake lenyewe bali hulizuia joto lisipite. Basi nikaagiza kutoka Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga wa kumwagilia, magunia kumi na manne ya pumba, nikazimwaga darini juu ya gipsamu hata zikatimu kimo cha shubiri. Nyaya za umeme, zilizokuwa zimejilalia juu ya mbao za dari, zikafunikwa gubigubi. Panya walishukuru, maana mashine ya kukoboa haikosi kuacha chembe. Lakini nyumba ilipoa kweli, nami nikawa naita majirani waje kushuhudia.

Jumamosi moja wakaja watu wa Usangi kumposa binti yetu. Jikoni siku hiyo palikuwa na birika la wati 2,000, jiko la makande la wati 1,500, na pasi ya wati 1,000 ambayo shangazi yake binti aliikumbuka dakika ya mwisho, vyote vikinyonya laini moja ya soketi. Msemaji wao alikuwa katikati ya kuusifu ukoo wetu harufu ilipotufikia. Mimi nilidhani ni makande yanaungua. Wageni, kwa adabu isiyo kifani, walinyamaza, na mzee mmoja akathubutu kusema kwamba chakula chanukia vizuri. Harufu ikageuka kuwa ya mpira.

Nikaomba udhuru, nikapanda darini na tochi, nikaona moshi mwembamba ukichomoza katika pumba, na katika fadhaa ile nikasahau kwamba gipsamu si sakafu. Mguu wangu wa kulia ukatokea sebuleni, kiatu na soksi, ukifuatwa na mvua ya pumba juu ya kofia ya msemaji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye neno "heshima". Aliyekimbilia meni suichi akazima ni mke wangu, ambaye hakusoma fizikia hata siku moja. Mimi mwanasayansi nilikuwa nimejitia gizani, penye nyaya za volti 230, mguu mmoja ukining'inia hewani.

"Mwalimu, shikamoo," alisema fundi kesho yake, kijana niliyemfundisha darasa la sita. "Waya wa 2.5 ukikaa wazi hubeba ampia 27. Ukiufukia kote, haufiki hata 14. Birika, jiko na pasi kwa pamoja ni karibu 20."

Nikamuuliza, kwa ghadhabu ya mwenye makosa, mbona breka ya ampia 20 haikukatika. Akanijibu kwamba breka huhesabu umeme unaopita tu, haina habari kwamba waya umevishwa blanketi. Kisha akanipa kiganjani kipande chenyewe: plastiki imelainika ikavimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, na kando yake alama za meno ya panya, mawili mawili, zimepangika kama mshono wa cherehani. Mungu alitusitiri, kwa kuwa pumba za mpunga aghalabu hufukuta polepole kabla ya kuwaka. Laiti ningalitandaza nyasi kavu, kama nilivyokuwa nimekusudia awali, leo ningekuwa mpangaji.

"Lakini Mwalimu, si wewe uliyetufundisha habari za blanketi?"

Nikamwambia aendelee na kazi.

Alizitoa pumba, akaziinua nyaya zote akazifunga juu kwenye kenchi, akalivutia jiko laini yake peke yake. Nasi tukazipepeta pumba, siku mbili nzima, isibaki chembe ya kuwaita panya, ndipo zikarudishwa, zisiguse waya hata mmoja. Posa ilikubaliwa. Ila kipande kipya cha gipsamu hakikuoana rangi na dari ya zamani, na wakwe zetu wakija kututembelea, hakuna anayekaa chini yake.