Muuaji Mwenye Porojo

Katika filamu ya Hero ya Zhang Yimou, iliyotoka mwaka 2002, Jet Li anaingia kasri la Qin kumuua mfalme. Amebakiza hatua kumi tu. Afanye kazi iliyomleta? Thubutu! Anakaa kusimulia hadithi. Mfalme naye anampinga, anatoa hadithi yake, na huku nyuma watu wanapigana juu ya ziwa kana kwamba ni sakafu. Mwishowe muuaji anakubali kwamba dhalimu ana hoja, anamgusa kwa mpini, anatoka zake na kumiminiwa mishale.

Simulizi za kale za China hazina madaha hayo. Mwaka 227 K.K., Jing Ke alimjia mfalme huyohuyo na jambia ndani ya ramani. Sheria iliwakataza wakuu kushika silaha barazani. Walinzi wa nje hawakuruhusiwa kupanda bila amri. Mtukufu akawa anazunguka nguzo mbio, upanga wake mrefu umegoma kutoka alani, mpaka tabibu wa kasri akamrushia muuaji mfuko wa dawa.

Tabibu huyo ndiye aliyestahili filamu.