Namna ya Kuitazama Filamu Mbovu Hadi Mwisho

Tafuta In the Name of the King ya Uwe Boll, ya mwaka 2007. Ina mapanga, wachawi, mfalme na majeshi ya viumbe waitwao Krug, imetokana na gemu ya Dungeon Siege ya mwaka 2002, na iligharimu takriban dola milioni 60 ikarudisha kama milioni 13 tu. Usiitazame peke yako. Kaa na mtu aliyewahi kuicheza gemu hiyo, na rimoti mpe yeye.

Jason Statham akitokea shambani, simamisheni picha. Ni mkulima, na jina lake ni Mkulima, basi. Umwache mwenzako aeleze, maana hapo ndipo filamu nzima ilipoharibikia. Kwenye gemu pia shujaa ni mkulima, anayeacha jembe Krug wanapovamia na kumuua jirani yake Norick. Hana historia, wala haihitaji: jina unampa wewe, silaha unamchagulia wewe, akipona umempigania wewe. Ukimwondoa mchezaji, shujaa huyo anabaki gamba tupu. Boll alimwondoa mchezaji, pengo lake akaliacha wazi. Anayetaka kugeuza gemu iwe filamu aanze kwa kuliziba pengo hilo. Fedha zije baadaye.

Sasa endeleeni, mkiwaangalia waigizaji mmoja mmoja. Burt Reynolds ni mfalme. Ray Liotta ni mchawi Gallian, na anatisha watu kwa sauti ileile ya jambazi wa New York tuliyemzoea katika Goodfellas. John Rhys-Davies, aliyekuwa Gimli katika The Lord of the Rings, ndiye pekee anayeonekana kuzaliwa katika ufalme huo. Wote wanajua kazi. Ila hakuna aliyewaambia wako nchi moja, basi kila mmoja anaigiza filamu yake.

Mapigano msiyaruke hata kidogo. Yaliongozwa na Ching Siu-tung wa Hong Kong, yuleyule wa filamu ya Hero, na Statham anaporusha bumerangi yake mwili unasema kile ambacho mazungumzo yameshindwa kusema. Rudisheni nyuma, myatazame tena.

Miendelezo miwili ya filamu hii achaneni nayo, hata Statham hayumo. Afadhali mfungue gemu yenyewe, mtoke shambani mkipigana hadi mji wa Stonebridge.