Kasha la Bunduki

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu hupenda kuyatenda kwa siri, sijaona lililo gumu kusitirika kuliko kununua kitu cha kufichia. Na ikiwa kitu chenyewe ni kasha la chuma la kuhifadhia bunduki, na mnunuzi ni mwalimu mstaafu ambaye kiinua mgongo chake kimekwisha kumegwa na ada za wajukuu, na mji ni huu wetu wa Mpanda, ambamo mgeni akishuka katika garimoshi la kutoka Kaliua, kabla hajaufikia mlango wa mwenyeji wake watu wa Makanyagio wamekwisha kujua aliyemjia na alichobeba, basi ni afadhali mtu apige mbiu ya mgambo akapumzika.

Bunduki niliyoachiwa na marehemu baba mkubwa si gobore. Nalisema hilo mapema, kwani huku Katavi, tupakanapo na hifadhi ya wanyama, ukitaja bunduki watu huwaza gobore lililofuliwa kichakani, lishindiliwalo baruti kwa mdomoni, ambalo wakubwa wa serikali hawachoki kuwasihi wananchi walisalimishe kwa hiari. Hii ni bunduki ya marisawa, ya mitutu miwili, yenye namba na karatasi zake, ambayo marehemu aliipata kwa ajili ya kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani. Na katika umri wake wote, kwa kadiri ya ilimu yangu, ilimwua kunguru mmoja tu, naye alikuwa akipita zake.

Marehemu alipotutoka, bunduki ilipelekwa kituo cha polisi kama ilivyo desturi, nami nikafahamishwa kwa taadhima kwamba silaha hairithiwi kama baiskeli: mrithi huomba leseni kwa jina lake mwenyewe, maombi yakaanzia kwa serikali ya mtaa na kupanda ngazi kwa ngazi, tena ajulikane kuwa anapo mahali madhubuti pa kuihifadhi, maadamu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina subira na uvungu wa kitanda, wala dari, wala nyuma ya mlango, mahali ambapo marehemu aliizungusha miaka yote ile kwa zamu.

Nikaanza kutafuta kasha la bei nafuu. Dukani nilionyeshwa sefu ndogo za kuwekea fedha, zenye vitufe vya namba na taa ya kijani, za kupendeza machoni. Walakini bunduki yangu inapata futi nne, na sefu iliyo kubwa kuliko zote pale haikufika futi mbili. Muuzaji, kijana mwenye adabu asiyetaka mteja aondoke mikono mitupu, alinishauri niikate ile mitutu. Shauri ambalo bila shaka lingenipatia mahali madhubuti pa kuhifadhiwa mimi mwenyewe, kwa gharama za serikali. Sefu halisi za bunduki, zile ndefu zenye kuta nene, zilikuwa Dar es Salaam, na gharama ya kuileta moja kwa reli hadi Tabora, kisha Kaliua, kisha kwa tawi letu lililojengwa zama za mkoloni kuyafuata madini ya risasi, ilikaribia kuipita thamani ya bunduki, na shamba, na nguruwe wote. Seremala mmoja wa Nsemulwa akajitolea kunitengenezea kabati la mninga, mti ambao miombo yetu haijatunyima. Lakini alipolichora mchangani, refu, jembamba, lenye kifuniko, wapita njia walivua kofia wakatuuliza msiba uko kwa nani.

Nikabaki na fundi wa kuchomelea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nataka kabati."

"La nguo?"

"La nguo," nikajibu, kwa kuwa barazani palikuwa na masikio mengi kuliko vyuma.

"Urefu?"

"Futi nne na nusu. Upana futi moja."

"Shiti ya geji ngapi?"

"Nene kuliko zote ulizo nazo. Bawaba zikae kwa ndani, vitasa viwe viwili, na mgongoni utoboe matundu ya bolti za kulifungia ukutani. Juu uweke kijisanduku chenye kufuli lake peke yake."

Fundi akazima mashine, akavua miwani myeusi, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hizo nguo zina leseni?"

Baraza zima likacheka, na tangu hapo sikuwa na siri tena. Vijana wake walilipaka kasha kijani cha kijeshi, eti ndiyo rangi iliyosalia, wakalipandisha juu ya guta, na mwenye guta, badala ya kupita njia ya nyuma, alipita katikati ya soko kwa sababu alikuwa na deni la nyanya la kulipa. Na wakati yeye akilipa, mimi nilisimama kando ya kasha nikipokea salamu, na pongezi, na maswali kuhusu bei ya shiti. Nyumbani, kwa jinsi fundi alivyozidisha vipimo, halikuingia mlangoni mpaka fremu ilipong'olewa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya kasha langu, kata nzima iliijua.

Nilitazamia wezi, wakaja majirani. Wa kwanza alileta hati ya kiwanja, akisema kwake mchwa hawana adabu. Akafuata mama wa nyumba ya pili na fedha za kikoba, kisha vitenge vya mahari, kisha vyeti vya ndoa, kimojawapo kikiletwa na mume kwa faragha ili mkewe asikichane. Ukarimu wa mke wangu haujui kukataa amana. Akafungua daftari, akapanga saa za kuweka na saa za kutoa.

Ndipo afisa wa polisi alipokuja kukagua. Aligonga shiti kwa kidole akaridhika. Akalisukuma kasha kwa bega, likagoma. Akasifu bawaba, na kijisanduku cha juu, kwamba risasi zikae mbali na bunduki ndivyo ipasavyo. Kisha akaomba lifunguliwe, akachungulia kwa muda mrefu, na kwa mwandiko mzuri akaandika: "Kasha ni madhubuti. Nafasi ya silaha hakuna."

Kwa hiyo bunduki ingali kwa polisi, nami nawausia wanaokusudia kununua kwa bei nafuu: tazama unene wa shiti kabla ya rangi, bawaba zisionekane kwa nje, bolti zishike ukuta wa kweli wala si udongo, funguo zisikae kwenye kopo la sukari ambamo kila mtoto huanza msako wake, na zaidi ya yote, mwambie fundi asizidishe vipimo hata kwa upana wa kidole, kwa maana nafasi yoyote itakayobaki ndani si yako.