Rula Ina Pande Mbili

Rula ya shule husemwa ni ya sentimita 30, lakini plastiki yenyewe huzidi kidogo, kwa kuwa sifuri haikai nchani. Imesogezwa ndani milimita chache, ili ncha ikilika isile na kipimo. Fundi anayepima kuanzia nchani huishia na mlango wa kabati usioingia mahali pake. Yupo na mwingine, anayeanzia kwenye 1, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayehesabu mayai kuanzia sifuri. Huyo hupungukiwa sentimita nzima, kisha husema ubao umesinyaa.

Upande wa sentimita hauna makuu: kati ya namba na namba kuna nafasi 10 za milimita, na kistari cha tano kimerefushwa ili jicho lisipotee. Kasheshe iko upande wa inchi. Inchi 1 ni milimita 25.4, na rula nyingi huigawa nusu, robo, nusu ya robo, hadi sehemu ya 16, vistari vikizidi kufupika kila mgawo. Kwa hiyo 2 na nafasi tano hapa si 2.5, ni 2 na 5/16. Tofauti yake ni karibu milimita 5, mwanya unaomtosha mende kupita.

Kisiwani Mafia watu huishi na pande zote mbili. Darasani Kilindoni mtoto hufundishwa sentimita. Kwenye mbao watu huuliza mbili kwa nne, na hizo ni inchi. Baba akiazima rula ya mwanawe, akapima dirisha kwa upande wa inchi na kuandika "24 kwa 30" bila zaidi, kisha Dar es Salaam wakakata kwa sentimita, kioo kitavuka bahari kutoka Nyamisati salama salimini, kimezungushiwa magazeti, na kitaenea barabara kwenye fremu ya picha ya harusi. (Waunda majahazi wa visiwa jirani vya Chole na Jibondo, wanaotegemea zaidi jicho na uzoefu, hawajui adha hii.)

Jicho nalo lina makosa yake. Rula ina unene, na anayechungulia kutoka ubavuni husoma kistari cha jirani. Dawa ni kutazama wima kutoka juu.

Rula iliyovunjika mwanzoni bado inafaa. Mtu huanzia kwenye namba kamili, tuseme 10, kisha hutoa 10 kwenye jibu. Kuanzia kwenye 10 kila mtu hukumbuka; kutoa ndiko kunakosahaulika.