Tairi Zuri ni la Anayelisifu

Nchi hii ina upungufu wa wataalamu wa mambo mengi, lakini matairi hayamo kwenye orodha hiyo. Simama pale Kimara tunapooshea magari Jumamosi asubuhi, sema kwa sauti ya kawaida, "Jamani, nataka kubadilisha matairi," kisha utafute pa kukaa. Hata aliyekuja kwa miguu ana lake la kusema.

Mimi nilitaka ushauri mdogo tu. Gari langu ni saluni ya kawaida: siku za kazi linanipeleka Posta na kunirudisha, Jumapili kanisani, mara mojamoja harusini Morogoro. Matairi yake yamefika kwenye vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, vinavyokuambia kwamba meno yamebaki milimita 1.6 na muda umekwisha. Trafiki akiinama kuyatazama, mimi natoa leseni kabla hajaomba. Sasa ninunue lipi? Swali la mstari mmoja. Majibu yake yangetosha kujaza upepo matairi yote manne, na la spea likapata.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwenye Prado. Mwenye Prado huwa wa kwanza siku zote.

"Mdogo wangu, Michelin haina mjadala. Haya ninayo mwaka wa saba huu. Tazama meno!"

Nikatazama. Meno yamesimama kweli, hayana hata dalili ya kuliwa. Lakini mimi ni jirani, na jirani huona mengi. Prado lile hutoka getini Jumamosi kwenda kuoshwa, likarudi ndani. Siku za kazi mwenyewe anabanana na watu kwenye mwendokasi, ananing'inia na bomba lake, kwa sababu Prado likifika Posta kila siku, mshahara hautafika mwisho wa mwezi. Tairi lisilotembea litaishaje?

Nikamwonyesha kwa adabu zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwenye namba inayoanza na herufi DOT. Ziliandikwa 0916. "Kaka, hii ni wiki ya 9 ya mwaka 2016." Akanitazama kama nimemsomea hadharani meseji za simu yake. Nikaendelea, maana nilishaanza: mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Jua na joto na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, halafu zinatokea nyufa ndogondogo kwenye mbavu, kama hizi.

"Hizo si nyufa," akasema. "Huo ni mtindo wa Kifaransa."

Wa pili alikuwa kijana wa IST. Huyu ni muumini wa mtumba wa Japani. "Braza, usidanganywe na mapya. Mjapani akitumia kitu anakitumia kwa heshima. Angalia hili, bado linanata!"

Linanata, ndiyo. Ubavuni limeandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa ambazo hata asiyevaa miwani anazisoma, na mwisho wa vipimo vyake kuna herufi Q. Hilo ni tairi la msimu wa baridi. Limetengenezwa kwa mpira laini ili pale barabara za Hokkaido zinapoganda barafu, lenyewe lisigande. Herufi Q inasema lisipite kilomita 160 kwa saa, jambo ambalo Morogoro Road hatulivunji hata tukitaka. Sasa mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye barafu, ukiuweka kwenye lami ya Dar es Salaam saa nane mchana mwezi wa Februari, unatarajia nini? Theluji tuliyo nayo nchini iko kileleni Kibo, na huko hakuna maegesho.

"Lakini linashika barabara, braza!"

Linashika. Linashika mpaka linaacha kipande chake pale liliposhika. Akifika Mwenge, robo ya tairi imebaki Ubungo.

Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri gari la mwanawe lifutwe, akakohoa. Sote tukasema shikamoo upya.

"Marahaba. Nyinyi mnabishana bure. Tairi lilikuwa General. General la Arusha."

Hapo kila mtu akanyamaza, maana huwezi kubishana na General la Arusha. Kiwanda cha General pale Arusha kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, magari ya serikali na malori yakayavaa, kikaja kusimama, na tangu hapo matairi yake yamezidi kuwa mazuri kila mwaka. Tairi ambalo halipo dukani halina kasoro hata moja. Halipati pancha, halina bei, na hakuna aliyelinunua jana wa kuja kulalamika leo. Nilitaka kumuuliza mzee barabara za wakati ule zilikuwaje, magari yalikuwa mangapi, na dereva wake alikuwa anaendesha kwa mwendo gani, nikaona nitaonekana sina malezi.

Kati yetu sote, mtu mmoja tu alikuwa na ushahidi wa maana, na hakuna aliyemsikiliza. Ni dereva wa teksi za mtandaoni. Yeye anatembea kwa siku safari ambazo mwenye Prado hazimalizi kwa miezi. "Bosi wangu, mimi sihesabu miaka, nahesabu kilomita," alisema, na mimi nikasogea. Gari lake limevaa matairi manne ya majina manne, kila moja lilinunuliwa siku lile lililotangulia lilipopasuka na kwa pesa iliyokuwepo siku hiyo. Bila kukusudia amefanya jaribio ambalo wenye magazeti ya magari hulipia maelfu: gari moja, dereva mmoja, barabara moja, matairi tofauti. Anajua lipi la Kichina liliisha upande wa ndani kwanza, lipi lilivimba ubavuni baada ya shimo la Goba, na lipi la bei ndogo limemshangaza kwa uvumilivu. Lakini hana Prado, kwa hiyo maneno yake hayakuwa na uzito. Kijiweni ushahidi hupimwa kwa ukubwa wa injini.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kinachoendelea. Hakuna aliyekuwa anasifia tairi. Mwenye Prado alikuwa anatukumbusha kwamba aliwahi kuwa na hela ya Michelin. Kijana alikuwa anatuambia yeye ni mjanja wa mjini hapigwi bei. Mzee alikuwa anaulilia ujana wake. Uliza tairi, utapewa wasifu wa mtu.

Na wote, pamoja na kutofautiana kwao, walikuwa wanapima kitu kimoja tu: linakaa muda gani? Mpaka mama mmoja mwenye Noah, anayepeleka watoto shule alfajiri, alipotoa kichwa dirishani.

"Samahanini baba zangu. Mvua ikinyesha, linasimama?"

Kimya. Maji ya mpira wa kuoshea yakasikika.

"Nauliza tu. Masika, nashuka kutoka Kimara kwenda Ubungo, nyuma nina watoto sita, bodaboda kakatiza. Hilo la mwaka wa saba linasimama?"

Mwenye Prado akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Mama yule, bila kujua, alikuwa ameuliza swali la Wazungu. Huko Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 tairi jipya linauzwa na kibandiko, kikaja kuboreshwa 2021, chenye alama kutoka A hadi E. Kinapima mambo makubwa matatu: linakula mafuta kiasi gani, linasimama vipi kwenye lami iliyolowa, na linapiga kelele kiasi gani. Litadumu miaka mingapi? Hakuna kipengele hicho. Yaani swali letu pekee halimo kwenye mtihani wao, na swali lao kubwa halimo kwenye kijiwe chetu. Wamarekani angalau wanafanana nasi: wao huandika ubavuni namba ya uvumilivu. Tairi la 400 linatarajiwa kudumu mara nne ya lile la 100 kwenye njia ya majaribio iliyoko Texas. Unafurahi, kisha unaambiwa kwamba anayetoa maksi hizo ni kiwanda chenyewe kilichotengeneza tairi. Kumbe na huko mwenye Prado yupo. Lakini hata wao pembeni ya namba hiyo huweka herufi ya kusimama kwenye maji: AA, A, B au C. Herufi hiyo ipo kwenye matairi mengi yanayouzwa hapa mjini, inasomeka, na sijawahi kusikia mtu akiitaja.

Tatizo ni kwamba sifa hizi mbili hazipendani sana. Mpira mgumu hudumu, ila mara nyingi huteleza ukilowa; laini hushika, ila huisha. Kupata vyote viwili kunahitaji utaalamu, na utaalamu una bei. Kwa hiyo anayejivunia tairi lisiloisha huenda anajivunia tairi lisilosimama, na sisi tuko mbele yake kwenye foleni.

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya matairi. Huko kuna mtathmini mwingine kabisa, muuzaji, ambaye ana kanuni moja: tairi bora ni lile lililopo stoo. Nilimtajia vipimo vyangu, 195/65R15, na namba 91H, yaani kila tairi libebe kilo 615 na livumilie kilomita 210 kwa saa. Akaleta lenye 88, ambalo linabeba kilo 560. "Hii ni ileile, bosi, kampuni moja." Nikauliza jina fulani. "Hilo limeisha, lakini hili ni kampuni moja." Nikaonyesha kwamba hili limetengenezwa China na lile Japani. "Kampuni moja, bosi, wametengana mji tu." Pale Gerezani dunia nzima ina kampuni moja, na shemeji yake ndiye wakala.

Nilipokataa lenye tarakimu za mwaka wa mbali, akasema nina roho ngumu. Nilipouliza herufi ya kusimama kwenye maji, akaniuliza kama nina boti.

Kisha akaja kijana wa kujaza, akanishauri niweke naitrojeni, upepo maalumu wa kulipia, wenye kifuniko cha kijani kwenye valvu. Hewa tunayovuta bure hapa Gerezani, pamoja na moshi wake, ina naitrojeni asilimia 78. Nikamwambia nitachukua hiyo ya 78. Akanidharau, akaunganisha mpira wa kompresa, akasema neno ambalo mafundi wote wa upepo Tanzania walifundishwa na mwalimu mmoja: "Thelathini na tano?" Thelathini na tano kwa IST, thelathini na tano kwa Noah, thelathini na tano kwa Hiace ya wanakwaya. Kibandiko kwenye mlango wa dereva, kilichowekwa na waliotengeneza gari, kinasema kwangu ni 32. Nilipomwonyesha akashangaa. Alidhani ni cha bima.

Mapendekezo hayakuisha. Nilimwona jirani kwenye foleni ya mafundi akifunga mawili mapya; yote aliagiza yafungwe mbele, "ndiko kwenye usukani." Ukimwambia watengenezaji wanashauri mapya yakae nyuma, kwa sababu nyuma kukiteleza kwenye maji gari linageuka na dereva wa kawaida halirudishi, anakuuliza umesomea wapi. Mimi nimesomea ubavuni. Kila kitu kimeandikwa pale: umri, mzigo, mwendo, maji. Tunauliza mtaa mzima badala ya kuinama.

Basi nikanunua manne mapya, ya mwaka huu, 91H, herufi A ya maji. Jina silitaji. Nikilitaja mtaanza.

Jumamosi iliyofuata nikapeleka gari kuoshwa. Mwenye Prado akayazunguka, akayapiga teke moja moja, kipimo cha mwisho cha sayansi ya kijiweni. Akauliza yanasimama vipi. Nikamwambia ukweli: kutoka Gerezani hadi Kimara kwenye foleni ya jioni, yalisimama kuliko yalivyotembea. Kwa kusimama sina malalamiko.

Nilikuwa naondoka niliposikia kijana wa IST akimshauri mgeni mmoja aliyekuwa anatafuta matairi. "Chukua kama ya yule mzee wa saluni pale. Mtu msomi yule, anaendesha sana. Tangu ayafunge hajapata pancha hata moja."