Sifa za Mpiga Fidla wa Kadiri

Katika chama chetu cha taarabu mna fidla nne, nami ni fidla ya tatu. Na kwa kuwa mwenye fidla ya nne hajaonekana mazoezini tangu msimu wa karafuu wa mwaka juzi, msomaji mwenye hisabu atatambua bila ya kuelezwa ni nani aliye wa mwisho. Cheo hiki nimekishika kwa miaka 26, sikupanda wala sikushuka, na katika muda huo nimewaona wapigaji wawili wakinipita kwenda safu ya mbele kama mashua zinavyolipita gogo lililokwama mchangani, mmoja wao akiwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika upinde. Watu wakinihurumia kwa jambo hilo hudhani wananitendea hisani. Walakini huruma yao ni mithili ya sadaka apewayo tajiri kwa sababu tu kanzu yake imechakaa, nami leo nimeazimia kuirejesha kwa wenyewe, na kuisifu hadharani hali yangu, hali ya kadiri, ambayo malenga hawajaitungia kasida, na ambayo kila aliye nayo huificha kama upele.

Yanibidi kwanza nieleze kadiri ni nini, maana wako wanaoidhani kuwa ni nduguye ubovu, na kuitukana kwa makosa ya jirani. Mpigaji mbovu ana utukufu wake: akiingia tu watu hugutushana, akianza hucheka, na kuchekwa nako ni kutajwa. Fundi naye husifiwa kwa maneno marefu, huambiwa mashaallah, na wako wanaomwomba asichoke. Sisi tulio baina yao tumegawiwa neno moja peke yake, nalo ni "si haba." Tafadhali litazame neno hili lilivyofumwa. Halisemi kwamba kitu ni kingi, lasema tu kwamba si kidogo. Ni sifa iliyoingia kwa mlango wa uani, imevua viatu mkononi ili isisikike ikipita. Husemwa kwa mvua ya vuli, kwa uji alioumaliza mgonjwa, kwa samaki wa siku ya kusi, na kila mwisho wa harusi husemwa kwangu. Sijapata kuambiwa neno jingine, na nikiambiwa nitashuku kwamba nimefananishwa.

Ala yenyewe pia ina hukumu yake katika shauri hili. Fidla ina nyuzi nne, na shingo yake haina hata alama moja ya kumwonyesha mtu aweke wapi kidole. Gitaa limetiwa vizuizi vya chuma, kanuni ina nyuzi zake sabini na ushei zilizokwisha kulinganishwa na kulazwa tayari, lakini mwenye fidla huachwa gizani yeye na Mola wake. Juu ya hayo, makamu tulizozipokea kutoka kwa Waarabu, kama vile Rasti na Bayati, zina sauti zilizokaa baina ya sauti mbili za kinanda, wala kinanda chenyewe hakina kibao cha kuzitoa. Sauti hizo ndizo roho ya nyimbo zetu, na ndizo mtihani wangu. Kidole changu chajua zinakaa mtaa gani. Nyumba ndiyo hukibidi kuitafuta kwa kubisha hodi, na aghalabu hufunguliwa na jirani.

Msomaji asifanye haraka kucheka, kwani hapa pana siri. Fidla moja ikipigwa peke yake na fundi hutoa sauti nyembamba, kali, yenye kupenya kama sindano ya kudarizi. Bali fidla kadhaa zikiuchukua wimbo mmoja kwa pamoja hutoa sauti pana, yenye kuwaka na kutetema kama maji ya bandarini chini ya mbalamwezi, na sauti hiyo ndiyo iwafanyayo kina mama kunyanyuka vitini na kwenda kutunza. Upana huo hauletwi na wingi peke yake. Waletwa na kuwa hapana wawili miongoni mwetu waliopatana barabara: huyu yu juu ya sauti kwa unywele, huyu yu chini kwa unyoya, na huyu amechelewa kufika kwa kiasi cha kupepesa jicho. Lau sote tungaligonga mahali pamoja, wakati mmoja, baghairi ya hitilafu, tungalisikika kama fidla moja iliyosogezwa karibu na kipaza sauti. Basi ule utamu mnaokisifia chama chetu, enyi mliokaa viti vya mbele, nusu yake ni ufundi wa Maalim, fidla yetu ya kwanza, na nusu yake ni kosa langu, nami sijapata kudai hisa yangu hata siku moja.

Ama ufundi, hatari zake zimejaa vitabuni. Wanatarehe wa Kiarabu wamesimulia kwamba Ziryab, mwanafunzi wa Ishaq al-Mawsili wa Baghdad, alipopiga udi mbele ya Khalifa Harun al-Rashid alipendeza mno, hata mwalimu wake akashikwa na husuda na kumpa hiari mbili, ama auhame mji ama yampate ya kumpata. Naye akafunga mizigo yake akashika njia ya magharibi, hata akafika Kordoba, mwaka 822. Najua nitajibiwa kwamba huko Andalusia alipata jumba na mshahara mnono, na kwamba ndiye asifiwaye kwa kuutia udi uzi wa tano. Sawa, lakini mimi nyumba yangu i Mwembetanga, na kuipata hakukunilazimu kuvuka jangwa. Mwalimu wangu alinipenda mpaka siku ya kufa kwake, Mungu amrehemu, na katika miaka yote aliyonifundisha hakunitazama hata mara moja kwa jicho la khofu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyekuwa akija mjini kuuza vyungu, alipovuma jina lake hata mwaka 1928 akapelekwa Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri, hawakukosekana waliomtungia nyimbo za kumbeza kwa ushamba wake na unyonge wa nasaba yake, nyimbo ambazo wengine wanazikumbuka hata leo. Mimi sijatungiwa hata nusu ya mshororo. Na Maalim wetu hana usiku wala mchana: huitwa maulidini, huitwa harusini, huamshwa na watu wa hoteli wanaotaka wageni wao wale chakula kwa muziki, na vijana humngojea mlangoni na fidla zao mikononi akitoka kusali. Akiugua Maalim, shughuli huahirishwa. Nikiugua mimi, hupatikana mahali pa kuweka sinia.

Iko hadithi nyingine niipendayo zaidi. Abu Nasr al-Farabi, yule mwanafalsafa aliyeandika Kitabu Kikubwa cha Muziki, husimuliwa kwamba aliingia katika baraza ya Sayf al-Dawla huko Halab akiwa hajulikani, akatoa ala yake akapiga, watu wakacheka; akaigeuza akapiga, wakalia; akaigeuza tena akapiga, wakalala wote, hata mabawabu, naye akaondoka zake akawaacha wanakoroma. Katika karama hizo tatu, ya pili sijaifikia. Ya kwanza nimepata kuifikia nikiwa sikuikusudia. Lakini ya tatu naimiliki kamili. Wajukuu zangu wawili waliosumbua nyumba nzima kwa kutolala huletwa chumbani kwangu baada ya sala ya isha, na kabla sijamaliza kulinganisha nyuzi mmoja amekwisha lala. Maalim alipojaribu kuwafanyia hivyo siku aliyotutembelea, watoto walikesha.

Na kama yuko atakayeniuliza fakhari ya kutojulikana ni ipi, nitamwelekeza kwenye jina la Ikhwani Safaa, chama kikongwe cha taarabu cha hapa Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905. Jina hilo lilikuwa la watu wengine kabla yake, jamaa wa Basra wa karne ya 10, waliotunga risala 52 za elimu, mojawapo ikiwa ya muziki, kisha wakazitoa ulimwenguni bila ya kutia majina yao. Wataalamu wametoa sababu nyingi za ufiche huo, za siasa na za madhehebu. Mimi nina dhana yangu, wala sitaki kuigombea: palipo na watu wengi wanaofanya kazi moja, lazima mlikuwamo na wa kadiri, na wa kadiri ndio walioshauri majina yasitiwe.

Yote hayo, hata hivyo, ni maneno ya barazani ukiyalinganisha na hili nitakalolisema sasa, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika ukumbi wa harusi penye watu mia nne hapana asikilizaye taarabu ila mmoja. Bwana arusi yumo katika khofu zake. Wanawake wanatazamana nguo, na kila ubeti wanaupima kwa kipimo kimoja, umemlenga nani. Mwimbaji anazihisabu noti kwa pembe ya jicho, naye amestahiki. Maalim, maskini, ndiye aliye mbali kuliko wote, kwa kuwa yeye hausikii wimbo uliopo bali ujao: akili yake imekwisha tangulia katika kibwagizo, akijiuliza kama rika itaingia kwa wakati na kama uzi wake wa juu utahimili. Mimi nina sauti chache za kupiga, nazo nazijua. Nikikosea hapana atakayegeuka. Fidla i kidevuni pangu na sikio langu lipo tupu kama chungu kilichooshwa. Basi inapofika ile zamu ambapo sisi sote hunyamaza na kumwachia Maalim, upinde wangu ukiwa umelala pajani, naye akashuka polepole kutoka Hijazi kurejea Rasti kama mtu anayeshuka ngazi gizani akiwa na mtoto aliyelala begani, yule anayejua kila kidaraja kina uzito gani ni mimi, kwa kuwa nimeanguka katika kila kimoja. Asiyepiga kabisa husikia kitu kizuri tu. Mimi nasikia kitu kisichowezekana, kinafanywa dhiraa moja na nusu kutoka gotini pangu, tena bure. Na zaidi ya bure, mwisho wa usiku hupewa na nauli.

Mpwa wangu, aliyesoma noti katika chuo cha muziki kilichofunguliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2002, hapendi falsafa hii. "Mjomba," aliniambia siku moja, "saa mbili kila siku, mwaka mmoja tu, utanishukuru." Nilimwuliza nikishapanda nani atakaa kiti cha tatu. Akasema atatafutwa mtu. "Wa namna gani?" Akafikiri sana, kijana mkweli yule, kisha akasema, "Wa kadiri." Kwa nini basi mtu atafutwe, na aliyepo amekwisha zoea kiti? Si kwamba sifanyi mazoezi. Nayafanya kama mgonjwa anywavyo dawa, kwa kipimo: nikizidisha vidole huvimba, nikipunguza Maalim hukohoa.

Mara moja tu nilikaribia kuupoteza wadhifa wangu. Ilikuwa harusi ya shamba, upande wa kaskazini, na gari iliyowachukua Maalim, fidla ya pili na mpiga kanuni iliharibika njiani. Bashrafu tuliipiga hivyo hivyo, akodiani ikatusitiri. Lakini wimbo wa kwanza ulitaka taksimu ya kufungulia, na mwimbaji alikuwa amekwisha simama. Kiongozi wa chama akamtazama mpiga udi, mpiga udi akatazama paa. Ndipo macho yote yakanishukia mimi, na katika miaka 26 hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyopata kujua kwamba kiti changu kinaonekana kutoka ukumbini. Nilipiga Bayati. Nilitoka nyumbani salama, nikapita mitaa miwili mitatu ninayoijua, nikafika kwenye ile sauti ya pili ambayo ndiyo Bayati yenyewe, nikabisha, akafungua jirani. Nikamwomba radhi, nikabisha tena mlango wa pili yake, na wallahi ukafunguka, nikauona ua, na mkilungwana unanuka, na watu wa ndani wakinitazama kwa mshangao kama mimi nilivyowatazama. Kisha nikarudi zangu haraka mpaka barabarani, nikamaliza. Ukumbini hakucheka mtu, hakulia mtu, na waliolala walikuwa watoto tu. Mpiga dumbaki, mzee asiyesema maneno zaidi ya kumi kwa usiku mmoja, akaniinamia sikioni akasema, "Si haba."

Khabari za taksimu yangu zilifika mjini kabla yetu, kama khabari zinavyofika. Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumekwisha anza mazoezi, mlango ukafunguliwa na akaingia yule wa fidla ya nne, kanzu imepigwa pasi na boksi la fidla lina vumbi la misimu miwili, akatoa salamu kwa kila mtu kwa jina lake. Alikuwa amesikia, akasema, kwamba siku hizi chama kinamstahamilia kila mtu. Nikamsogezea kiti.