Abiria wa Kukodi

Yule bwana alikula nusu ya rolex yangu, akajipangusa mdomo, akashuka. Hilo ningemsamehe. Lililonikaa kooni ni kwamba alikwenda kupanda gari la jirani, akaketi dirishani, akafungua gazeti lile lile, na macho yetu yalipokutana akanipungia mkono kistaarabu kabisa.

Tulikuwa Old Taxi Park, katikati ya Kampala, ndani ya Hiace ya kwenda Mukono. Kwa muda wote tuliokaa pamoja tulikuwa ndugu. Shati limenyooka kwa pasi, analalamikia foleni ya Barabara ya Jinja kwa uchungu wa mtu anayechelewa kazini. Nikamhurumia. Nikamkatia rolex yangu: chapati, mayai, nyanya, kabichi na vyote vilivyoviringishwa humo.

Kumbe kazini penyewe ndipo pale.

Mpango huu, nikiweka hasira kando, unastahili pongezi. Gari la pale halina saa ya kuondoka. Linaondoka likijaa, na leseni yake ni abiria 14. Sasa, mwenye akili zake haingii kwenye gari tupu, maana anajua atachemka humo mpaka wapatikane wengine 13. Na hao 13 nao wana akili. Kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie, gari litalala hapo. Ndipo wanapoletwa abiria wa kukodi, tena wanapangwa kwa ustadi: nyuma wanajaa, karibu na mlango zinaachwa nafasi mbili, ili wewe unayepita uone bahati imekuangukia. Unaingia mbio. Kidogo, mama mmoja anakumbuka hajanunua maji. Anashuka, na mahali pake anaketi abiria wa kweli. Kijana anapigiwa simu, anashuka. Mzee anakohoa, anashuka. Ukihesabu, gari lina watu 12. Ukihesabu tena, 12. Ila kila ukigeuka, ni 12 wengine. Na wala hakuna aliyesema uongo! Nani alikwambia yule mama anasafiri? Yeye ameketi tu.

Kwetu Dar mpiga debe anakudanganya kwa mdomo: "Siti mbili tu, mbili za mwisho, tunaondoka!" Unamsikia, unamjua, unapanda kwa hiari yako. Lakini kukuwekea binadamu mzima na gazeti lake, mwenye msimamo kuhusu foleni na hamu nzuri ya chakula, hiyo ni elimu ya juu. Wapiga debe wa Mbagala waende wakasome.

Hasira ikanipanda, na hasira yangu haijui lugha nyingine ila Kiswahili. "Konda! Tunaondoka au hatuondoki?" Gari zima kimya. Binti aliyekaa pembeni yangu akavutia mkoba wake kifuani. Konda akaja mbio: "Pole, afande. Tunakwenda sasa hivi, afande." Na kweli tukaondoka, siti mbili zikiwa tupu. Mimi afande, mwenye kandambili na mfuko wa korosho za wenyeji wangu mapajani!

Ningecheka, ila mkoba wa yule binti haukunitoka akilini. Historia naijua. Askari wa Idi Amin walifoka kwa Kiswahili, na jeshi letu lililowatoa, likaingia Kampala Aprili 1979, nalo lilikwenda na Kiswahili. Kwa wazee, basi, sina neno. Lakini binti yule hata mama yake huenda alikuwa mchanga wakati ule. Tangu 2005 katiba yao inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Hotuba zimetolewa, makofi yamepigwa. Na bado lugha ninayoombea chumvi kwa jirani, niliyobembelezewa usingizi, mtu wa Afrika Mashariki mwenzangu akiisikia anaangalia kama mkoba wake umefungwa. Jeshi tulipeleka. Walimu je?

Konda hakunidai nauli. Nililipa kwa nguvu, akapokea kwa mikono miwili.

Mengine yalikuwa madogo madogo. Jioni mvua iliponyesha, nauli ya kurudi mjini ilipanda bila kumuuliza mtu. Bodaboda alinipitisha katikati ya malori mawili nikiwa nimefumba macho, na nadhani naye pia. Kaloli, yale makorongo makubwa ya Kampala yenye upara, mmoja alinilenga begani kutoka juu ya mti. Na kule Mukono, mke wa mwenyeji wangu alipopiga magoti kunisalimu, kama ilivyo ada ya Baganda, nilidhani amedondosha kitu. Nikainama naye, nikapapasa sakafu, mpaka nikafunua mkeka.